Damu imejaa homoni, tezi imelala: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimekutana mahali pamoja: tezi ya shingo, ile ambayo kwenye makaratasi ya hospitali huitwa thairoidi, na homoni yake inapomezwa kutoka nje. Homoni za tezi hii ni T4 na T3, maabara huzipima kwa jina la FT4 na FT3. TSH ni homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. Tunaanza na ya tabibu, kwa sababu uamuzi anaoukaribia unaweza kumpotezea mgonjwa tezi nzima isiyo na kosa.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni afisa tabibu, hospitali ya wilaya. Nina mgonjwa wa miaka 31, muuguzi msaidizi. Amepungua kilo 11 kwa miezi minne, mapigo 118 akiwa amekaa, mikono inatetemeka, halali usiku, jasho muda wote. Majibu: TSH chini ya 0.01, FT4 58 (kikomo cha maabara yetu ni 22), FT3 9.8 (kikomo 6.8). Shingo haina uvimbe, macho hayajatokeza. Nimempa kabimazoli miligramu 30 kwa siku kwa wiki nane na FT4 haijashuka. Niongeze dozi, au nimwandikie rufaa ya upasuaji?

JIBU: Marahaba. Usiongeze dozi, na ile rufaa iache kwanza.

Kabimazoli ina kazi moja, kuizuia tezi isitengeneze homoni mpya. Haiigusi homoni iliyokwisha kuingia kwenye damu. Kwa mgonjwa wa Graves, yaani ugonjwa unaoifanya tezi itengeneze homoni kupita kiasi, akimeza miligramu 30 kila siku, FT4 ingekuwa imeshuka kwa kiasi kinachoonekana ndani ya wiki nne hadi nane. Isiposhuka kabisa, mambo ni mawili: ama hamezi dawa, ama homoni hiyo haitengenezwi upya na tezi. Hilo la kwanza utalijua kwa kumpa dozi mbele yako kwa siku kadhaa. Hilo la pili ndilo lenye kazi.

Rudi kwenye namba zako mwenyewe, kwa sababu zimeshasema kitu. FT4 yake imevuka kikomo mara mbili na nusu, FT3 imevuka kwa chini ya nusu ya kikomo. Tezi inapowaka, kama kwenye Graves, huimwaga T3 kwa wingi pamoja na T4, na mara nyingi T3 ndiyo inayoruka juu zaidi. Mtu anayemeza vidonge vya levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, anaingiza T4 peke yake, na T3 anayoipata ni ile tu ambayo ini na viungo vingine vinaigeuza. Kwa hiyo T4 juu sana na T3 juu kidogo ni picha ya tezi inayovuja au ya kidonge. Ukikuta kinyume chake, T3 iko juu na T4 imezama chini, fikiria kidonge cha T3 chenyewe, liothaironini. Huyo hupotea kirahisi pale hospitali inapopima FT4 tu: TSH imezama, FT4 ni ndogo, na mtu anaandikiwa kuwa tezi yake imechoka kumbe anatetemeka.

Sasa mrudishe kitandani umkague upya. Papasa shingo: kwa anayemeza homoni, tezi huwa ndogo, wakati mwingine huipati kabisa, kwa sababu TSH iliyozama inaiacha bila kazi. Weka stethoskopu juu yake. Mvumo wa damu ni wa Graves. Kuhusu macho, tahadhari. Kope kuchelewa kushuka mgonjwa anapofuata kidole chako hutokea kwa mtu yeyote mwenye homoni nyingi, awe amezimeza au la. Kinachomtambulisha mgonjwa wa Graves ni jicho kutokeza mbele na kuvimba nyuma yake. Vidonge havifanyi hivyo.

Kipimo kinachoamua ni thairoglobulini. Hii ni protini ambayo tezi huijengea homoni juu yake, na kila tezi inapofanya kazi kwa nguvu au inapoumizwa, protini hii humwagika kwenye damu. Kidonge hakina. Kwa hiyo Graves huipandisha, thairoiditisi, yaani tezi iliyovimba ikawa inamwaga akiba yake, huipandisha vilevile, lakini anayemeza homoni kwa siri huwa nayo ndogo mno au haipimiki. Mtu mwenye dalili zote hizo na FT4 ya 58, akiwa na thairoglobulini chini ya 1 ng/mL, hana maelezo mengine mengi.

Ila usikosee mambo haya. Damu ichukuliwe sasa, wakati bado anaumwa. Akiacha vidonge wiki chache TSH itaamka, tezi itaanza kazi, thairoglobulini itapanda, na ushahidi wako utakuwa umepita. Katika ombi hilohilo andika pia kingamwili dhidi ya thairoglobulini. Sababu yake iko kwenye jibu linalofuata. Usiichukue baada ya kuichoma tezi sindano ya sampuli, kwani hiyo peke yake huipandisha. Na kama alishawahi kuondolewa tezi yote, kipimo hiki hakina maana kwake. Uzuri wake ni kwamba anayesafiri ni seramu iliyotenganishwa, ikiwa kwenye baridi, mgonjwa akibaki kwenu.

Kipimo cha mionzi ni kizuri, ila hakitoshi peke yake. Tezi ya kawaida hunyonya takriban asilimia 10 hadi 30 ya dozi ya iodini ndani ya saa 24. Iliyolala hunyonya karibu na sifuri. Shida ni kwamba thairoiditisi nayo hutoa sifuri hiyohiyo, na mtu aliyepigwa CT yenye dawa ya iodini wiki chache zilizopita, au anayetumia amiodaroni ya moyo, naye atakupa sifuri. Waulize hao wote kwanza. Mwanamke apimwe ujauzito kabla, na anayenyonyesha asifanyiwe. Kabimazoli nayo huchafua majibu ya iodini, kwa hiyo isimamishwe siku kadhaa. Kwa Tanzania huduma ya tiba ya nyuklia iko Ocean Road Dar es Salaam na Bugando Mwanza. Kenya iko Kenyatta, Nairobi. Kama ni mbali, altrasaundi yenye Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu kwa rangi, inasaidia: tezi ya Graves inawaka rangi tupu, ya mmezaji ni ndogo na imepoa.

Na thairoiditisi utaitenga vipi na kidonge, kando ya thairoglobulini? Kwa muda. Thairoiditisi humwaga akiba, na akiba ina mwisho. Kwa kawaida ndani ya miezi miwili hadi mitatu FT4 hushuka yenyewe, mara nyingi hata kupita chini ya kawaida. Wako ana miezi minne na hashuki. Mwulize pia kama amejifungua ndani ya mwaka, na kama shingo iliwahi kumuuma hadi kwenye sikio.

Mwisho, kazi yake. Ni kweli kwamba tatizo hili huonekana zaidi kwa wanaofikia dawa kwa urahisi: wauguzi, wauzaji wa famasi, watu wanaoishi na ndugu aliyeandikiwa levothairoksini. Lakini kazi ya mtu si kipimo. Wauguzi nao huugua Graves.

SWALI: Ni mteknolojia maabara. Daktari ananisukuma nimpe jibu la mwisho. Thairoglobulini imetoka chini ya 0.2, ila kingamwili dhidi yake ziko juu. Yeye anasema mgonjwa anameza vidonge na kesi imekwisha. Mimi nasita.

JIBU: Umesita vizuri. Mashine nyingi huikamata thairoglobulini kwa kingamwili mbili, moja huku na moja kule, kama mkate na nyama katikati. Mgonjwa akiwa na kingamwili zake mwenyewe, zinakuwa zimeshaifunika protini sehemu zile zile ambazo mashine inataka kushika. Mashine inaambulia patupu na kuandika “chini ya 0.2” wakati protini imejaa tele. Takriban mtu 1 kati ya 10 wasio na ugonjwa wowote anazo kingamwili hizi, na kwa wagonjwa wa Graves ni wengi zaidi. Kwa hiyo jibu lako liandike hivi: “Haliwezi kutegemewa; kingamwili zipo.” Daktari atumie Dopla, mionzi, au maabara kubwa inayopima thairoglobulini kwa spektrometa ya masi, ambayo humeng’enya kingamwili kwanza. Kipo pia kipimo cha thairoksini kwenye kinyesi, kwani anayemeza nyingi huitoa nyingi, ila maabara zinazokifanya ni za kutafuta kwa taa.

Kabla hujafunga faili, uliza swali moja ambalo madaktari husahau: anameza vidonge vya nywele na kucha? Vingi vina bayotini mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mwili unahitaji 30 hivi kwa siku. Mashine za aina fulani hutumia bayotini kama gundi ndani ya kipimo. Ikijaa kwenye damu ya mgonjwa, gundi inavurugika: TSH inasomeka chini kwa uongo, FT4 na FT3 zinasomeka juu kwa uongo, na thairoglobulini inasomeka chini kwa uongo. Ukiziweka pamoja hizo nne, umechora mmezaji wa siri kamili, na mtu mwenyewe anataka tu nywele zisikatike. Hata kingamwili za Graves zinaweza kusomeka kuwa zipo.

Kinachomwokoa mtu wa bayotini ni mwili wake. Mapigo 72, hatetemeki, hajapungua hata kilo. Namba za kutisha kwa mtu mtulivu ni za kurudiwa. Aache bayotini angalau siku mbili, na kama alikuwa kwenye dozi kubwa za kitabibu za miligramu 100 na kuendelea, aache wiki nzima, kisha pima upya. Soma pia kijitabu cha kitendanishi chako. Kitakuambia kama mashine yenu ni ya aina hiyo.

SWALI: Asalaam aleikum. Naandika kutoka Mombasa. Mamangu alitolewa tezi na humeza levothairoksini mikrogramu 100, kidonge kimoja asubuhi. Kopo la vidonge 100 lilikuwa likimfikisha miezi mitatu na siku. Hili la mwisho limekwisha siku ya 32. Mdogo wangu ana harusi yake mwezi wa pili na amekonda ghafla, moyo wamwenda mbio, hata ngazi hapandi. Namshuku. Nifanyeje bila kumwaibisha?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Hesabu yako inatosha kukutia shaka. Kwa siku 32 mama alihitaji vidonge 32. Vilivyopotea ni 68, yaani viwili na ushei kila siku, mikrogramu zaidi ya 200. Mtu wa kilo 60 ambaye hana tezi kabisa huhitaji kama 100 tu. Mdogo wako, kama ni yeye, anameza mara mbili ya hiyo, akiwa na tezi yake nzima.

Kwa nini watu huongeza dozi mpaka kufika huko? Kwa sababu kidonge kimoja hakimkondeshi mwenye tezi nzima. Ubongo unaona homoni imeingia, unaiambia tezi ipumzike, na jumla inabaki palepale. Anaona hakuna kitu, anaongeza cha pili, cha tatu. Hapo ndipo mizani inapoanza kushuka, na kinachoshuka si mafuta tu: misuli ya mapaja na mabega inaliwa, ndiyo sababu ngazi zimemshinda. Huko Marekani, mamlaka ya dawa imeamuru onyo zito liandikwe kwenye maelezo ya homoni hizi kwamba zisitumike kupunguza unene, kwa kuwa dozi inayotosha kumkondesha mtu ndiyo inayotosha kumdhuru.

Kwanza angalia hatari. Mshike mkono akiwa ametulia, hesabu mapigo dakika nzima. Yakivuka 120, au yakienda bila mpangilio, au akiwa na maumivu ya kifua, pumzi fupi, homa kali au kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali leo hii, usisubiri asubuhi. Kama hakuna hayo, zungumza naye, nyinyi wawili tu, wala si mbele ya mashangazi waliokuja kushona nguo. Anza na unachokiona: “Moyo wako unanitia wasiwasi, na dawa za mama zimepungua. Kama umezitumia, nataka twende kwa daktari pamoja.” Mwachie nafasi ya kukubali bila kulia.

Akiacha, anaweza kuacha mara moja. Hana haja ya kupunguza polepole, mradi tezi yake ni nzima. Ajue tu kwamba tezi iliyolala huchukua wiki kadhaa kuamka, na katikati hapo atajihisi mzito, baridi, mchovu, na kilo kadhaa zitarudi. Wengi hurudia vidonge wakati huo, ndiyo maana ni vizuri aambiwe mapema. Apimwe TSH na FT4 baada ya wiki sita.

Na mama? Kopo likikwisha mapema, huenda kuna siku alikosa. Naye apimwe TSH. Dawa zake ziwekwe panapofungwa, na ameze kimoja kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai.

SWALI: Nimenunua vidonge vya kupunguza mwili mtandaoni. Vimeandikwa “mitishamba asilia”. Vinaweza kuwa na homoni hiyo?

JIBU: Vinaweza, na imeshatokea nchi mbalimbali: unga wa majani nje, homoni au dawa nyingine ndani. Hapo mtu anakuwa mmezaji bila kujua, na vipimo vyake ni vilevile, thairoglobulini ndogo na tezi iliyolala. Moyo ukienda mbio, acha, na peleka kopo lenyewe hospitalini, lebo na vyote, usipeleke jina la kutaja mdomoni. Tanzania taarifa hupokelewa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu.

SWALI: Jamaa hapa kijiweni anasema nyama ya koo la ng’ombe huleta ugonjwa wa tezi. Ni kweli au porojo?

JIBU: Kwa mara hii kijiwe kiko sahihi, ingawa si koo lote. Kati ya 1984 na 1985, kusini-magharibi mwa Minnesota na majirani zake South Dakota na Iowa, Marekani, watu 121 walipata dalili za homoni nyingi. Tezi zao zilikuwa nzima. Chanzo kilikuwa nyama ya kusaga iliyochanganywa na mabaki ya shingo, tezi ya ng’ombe ikiwemo, kutoka kiwanda kimoja. Kupika hakuivunji homoni hiyo. Tezi ya ng’ombe iko chini kidogo ya koromeo, vipande viwili vyekundu-kahawia ubavuni mwa bomba la hewa. Mchinjaji aitoe na kuitupa, isiingie kwenye mashine ya kusaga. Daktari akikuta nyumba nzima inatetemeka, aulize wanakula nini.

SWALI: Ni mimi, afisa tabibu wa mwanzo. Majibu yamekuja, thairoglobulini haipimiki, kingamwili hakuna, bayotini hatumii. Mgonjwa anakana kwa kiapo. Nimwambieje, na nimtibu vipi?

JIBU: Usimpekue mkoba bila ruhusa yake, na usimwitie timu ya watu watano kumzunguka. Utampoteza, ataondoka na kuanza upya hospitali nyingine, ambako watampa kabimazoli tena, na mwingine atamkata tezi. Wapo waliofika huko.

Mwambie kile vipimo vinachosema, wala usimtaje yeye kuwa mwongo: “Habari njema ni kwamba tezi yako ni nzima, haihitaji kisu. Homoni inaingia kutoka nje. Wakati mwingine inatoka kwenye vidonge ambavyo mtu hakujua vina nini, wakati mwingine mtu alivitumia kwa sababu zake. Vyovyote iwavyo, tunaweza kulimaliza.” Hiyo ya “hakujua” ni mlango, mwachie wazi. Si kila anayekana anakana kwa sababu ileile: mmoja anataka kukonda, mwingine anataka nguvu za kazi, mwingine anataka kuwa mgonjwa ili ahudumiwe, hali ambayo Richard Asher wa Uingereza aliipa jina la Munchausen mwaka 1951. Huyo wa mwisho kumfokea ni kumwongezea ugonjwa. Uliza kwa upole juu ya ulaji wake na kama amewahi kufikiria kujidhuru, na mshirikishe mtaalamu wa afya ya akili tangu mwanzo, kabla mambo hayajaharibika.

Tiba yenyewe ni fupi. Simamisha kabimazoli, haina kazi hapa na inaweza kushusha chembe nyeupe za damu. Propranololi miligramu 20 hadi 40 kila saa 6 hadi 8 kutuliza moyo na mikono, isipokuwa kwa mwenye pumu. Fanya ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Akiwa amezidiwa, kolestiramini gramu 4 mara nne kwa siku hunasa homoni utumboni na kuitoa na choo. Iachanishwe saa kadhaa na dawa nyingine, maana itazinasa nazo.

Kisha pima FT4 kila baada ya wiki mbili. Levothairoksini hupungua nusu kwa siku 7 hivi, na kwa mwenye homoni nyingi huenda haraka zaidi. Aliyekuwa na 58 na kweli ameacha anapaswa kuwa karibu na 15 wiki ya pili. Ukikuta 50, bado anameza, na mazungumzo yarudiwe. TSH itachelewa, hiyo usiikimbilie. Ikianza kupanda, pima thairoglobulini tena: ikipanda nayo, tezi imeamka na utambuzi umethibitika. Andika matokeo yote mawili na tarehe zake kwenye faili na kwenye karatasi atakayobaki nayo, pamoja na sentensi moja: “Tezi nzima, asipewe kabimazoli wala upasuaji kabla ya thairoglobulini kupimwa.”